Bisibisi Moja

Tumekaa jikoni kwa Vaike, mjini Kärdla.
Februari. Theluji imefika kingo za dirisha.
Watu saba, samaki wa moshi, mkate mweusi,
na kopo la biskuti lenye yuro mia mbili kumi na nne
ambazo mimi, mweka hazina, nimezihesabu mara mbili
maana Ilmar haniamini tangu mambo ya gundi.

Sisi ni mafundi wa vinanda vya mvukuto.
Tulicho nacho si kingi: rekodi elfu moja na mia tatu,
picha za ndimi za chuma zilizokatika,
na miaka kumi na minne ya kuulizana
ngozi gani haipasuki ikikutana na baridi.
Vyote tuliviweka kwa kampuni iliyotuambia karibuni, ni bure.
Tukaingia, tukavua viatu, tukasahau
kwamba mgeni ni siku mbili.
Mwezi uliopita ikaja barua, na jembe ndani yake:
siku tisini, hameni, au tunafuta.

Uku, mjukuu wa Vaike, kafungua kompyuta kati ya visahani.
Kwanza nyumba, anasema, halafu samani.
Nyumba ndiyo seva. Samani ndiyo programu.
Ilmar anauliza, na choo?
Anacheka peke yake.

Nyumba ya kwanza iko ng'ambo ya Atlantiki,
yuro mbili na nusu kwa mwezi;
bei ya mwaka wa pili imeandikwa chini kabisa
kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi.
Nikavaa miwani, nikaisoma kwa sauti: kumi na moja.
Ya pili iko Tallinn, chini ya ghala la rangi.
Uku akapiga simu. Akapokea mtu anayekohoa,
akaomba radhi, akatafuta kalamu, akakohoa tena.
Yuro tisa, akasema, na nakala kila usiku.
Ya tatu ni ndoto ya Uku mwenyewe:
mashine kuukuu ya shule, kabatini,
kituo cha zimamoto, yetu, hatumwombi mtu.

Na ikizimika saa tisa za usiku? nikauliza.
Uku akatazama mkate.
Ana miaka kumi na saba. Septemba anakwenda chuo.
Kabati likafungwa bila mtu kulifunga.

Basi samani. Programu moja inameremeta,
vitufe vyake kama peremende,
ina leseni, ina wanasheria,
hupokea kila unachoipa na hairudishi hata koma.
Nyingine ni chanzo huria, ina sura ya daftari la polisi,
lakini ulichoweka jana unakitoa leo, kizima,
ukakipeleka utakako.
Salme akataka ile ya peremende. Macho nayo yana haki, alisema.
Tukabishana mpaka chai ikaota ngozi.

Ndipo Vaike, aliyekuwa anaosha sufuria, akasema bila kugeuka:
kinanda kizuri ni kile kinachofunguka kwa bisibisi moja.
Kilichogundishwa, hata kiimbe vipi,
siku kikiugua unakizika.

Kwa neno gundi Ilmar akanitazama.
Nikahesabu kopo mara ya tatu.

Tallinn, basi, kwa yule mwenye kikohozi: mia na nane.
Jina letu la mtandaoni, kumi na mbili.
Zikabaki tisini na nne na kitufe cha koti.

Usiku ule Uku akaanza kuhamisha, rekodi moja moja,
intaneti ya kisiwani ikijivuta kama mtu mwenye viatu vya kuazima.
Hii haina kitu, akasema. Sekunde arobaini za upepo. Niifute?

Tukaisikiliza. Sssss, kimya, sssss.

Usithubutu, akasema Ilmar, na kofia tayari kichwani.
Huo ni mvujo wa kinanda cha Endel,
mwaka ule barafu ilipochelewa.
Hatujajua bado unatokea wapi.