Kilo Kumi na Moja

Miaka kumi na minne nimebeba mizigo ya watu
kutoka Budadiri hadi pango la Mude,
na kesho yake, mwenye mzigo akitaka, hadi Wagagai.
Njia yetu inaitwa Sasa.
Wageni wa Kitale wakiniuliza tunapandia wapi,
nawajibu, Sasa.
Haya, sasa, wananiambia, lakini wapi?

Mkoba wa mtu naujua kwa mgongo kabla ya kumjua kwa jina.
Nimembeba Mjerumani na vitabu vitano, akasoma majalada.
Nimembeba daktari na jiwe alilopewa na mwanawe,
na bibi harusi na viatu vya kisigino,
maana, alisema, huwezi kujua.
Wahenga walinena mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wahenga hao
hawakupita ngazi za Mudangi mvua ikinyesha.

Wiki hii mkoba ni wangu.
Uliachwa na mteja, zipu imekufa.
Fundi Wandukwa, sokoni Mbale, ameushona upya
kwa uzi wa kushonea magunia ya kahawa
na pesa akakataa:
utaniletea theluji, hata kwenye chupa.

Pasipoti ina miaka minne, haijaonja muhuri.
Kadi ya homa ya manjano nimeiviringa kwenye nailoni;
bega bado linauma.
Nauli ni kahawa ya misimu mitatu, na ndama,
na jina langu katika daftari la kikundi cha akiba
ambalo dada yangu Khainza hulitunza,
naye hasahau.

Majirani wanauliza.
Nepali? Kuna kazi?
Hapana.
Masomo, basi.
Hapana.
Una mgonjwa huko?
Naenda kutembea mlimani.
Kutembea mlimani!
Na hapa ulikuwa unafanya nini?

Nafungasha juu ya mkeka, mama anafungua.
Sweta la pili nikilitoa, analirudisha.
Vidonge vya kutibu maji anavigeuza kiganjani:
kwani huko hawachemshi?
Kisha anachomeka malewa kati ya soksi,
malewa yaliyokaa juu ya moshi hadi yakawa rangi ya kamba kuukuu,
na sasa kila nguo yangu inanuka jikoni kwetu.
Mama, forodhani wataniuliza hiki ni nini.
Waambie ni mlima.

Nimeupeleka mkoba kwenye mizani ya kahawa.
Karani Namonye ameutundika, amekodoa macho,
amelamba kalamu.
Kilo kumi na moja, akasema. Daraja la pili.
Una unyevu.

Kumi na moja!
Nimepanda na ishirini na mbili nikipiga mluzi.
Lakini nilipouvaa pale uani, kuku wakinitazama,
magoti yaliniuliza swali.
Kila siku mbele yangu palikuwa na visigino vya mtu.
Akisimama, nasimama.
Akisema pazuri, nanyanyua macho nione pazuri.
Nilitoka na mkoba hadi kwenye mgomba wa mwisho,
nikasimama,
nikangoja,
nikakumbuka.

Usiku huu silali.
Nawaza kwamba hata kule wapo wanaobeba;
nimeona picha, ukanda umepita kwenye paji la uso,
kikapu kimezidi kichwa.
Mmoja wao atanisogelea njiani, mwembamba, viatu vimechanika,
ataugusa mkoba wangu kwa vidole viwili
kama ninavyogusa mimi.
Bei atakayoitaja nitaielewa bila lugha.
Nitaielewa na ile atakayoimeza.

Sijui nitamjibu nini.
Nikikataa, nimemnyima chakula cha jioni.
Nikikubali, visigino ni vyangu.

Labda nitafungua malewa kwanza.
Tutakaa juu ya jiwe, tutafune,
mizigo yote miwili ikiwa chini.