Mistari Mia Nne na Kumi na Mbili

Leo nimefuta kupepesa.
Si kupepesa macho, la; ile sifa ya mtindo
iliyofanya neno liwake, lizime, liwake,
kama taa ya kibanda cha chipsi pale Nzuguni
umeme unapojishauri.

Kipimo kilisema: katika kurasa milioni kumi
inatumika kwenye tatu.
Nikakiamini. Injini ya kivinjari si ghala la uwele
useme kilichosalia kitaliwa mwakani;
kila msimbo uliosahauliwa una mlango wake,
na mwizi hachagui mlango unaopendwa.

Nyemo, tuliyekuwa naye zamu, akauliza:
"Hizo tatu ni za nani?"
Swali la mtoto wa mkulima. Kwao Hombolo
mzabibu hupogolewa mpaka ukadhani umeuawa,
lakini kwanza baba yake hupita mstari kwa mstari
akigusa kila jicho la tawi kwa kidole gumba.

Basi tukazifungua.
Ya kwanza duka la simu, lilishafungwa.
Ya pili jaribio la mwanafunzi: "Habari, dunia." Basi.
Ya tatu ilitoka Mpwapwa: wahitimu wa mwaka tisini na nane,
majina arobaini na moja, na moja tu likipepesa,
Lechipya Masinga. Chini yake mwalimu ameandika:
bado tunasubiri atupigie.

Upepo wa Julai ukasukuma dirisha.
Nyemo akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Nikamweleza ninachokijua:
kivinjari kikikuta neno kisilolifahamu
hakigombi, hakiulizi, hulivuka,
kama mimi nilivyoivuka salamu ya bibi yake
siku ile nilipofika kwao sijui Kigogo.
Jina halitafutika. Litatulia tu.
Litasimama na wenzake arobaini,
wino uleule, kimo kilekile.

"Sawa," akasema. "Ila mwalimu
atadhani ameshapiga."

Nikaondoa kidole kwenye kitufe.
Saa nane za usiku nikaandika barua:
Shikamoo mwalimu. Hunifahamu.
Kuanzia toleo lijalo jina moja litaacha kuwaka.
Ni sisi. Si yeye.

Kisha nikafuta. Mistari mia nne na kumi na mbili,
na hakuna kilichoanguka.

Sasa kumepambazuka, barua haijajibiwa,
na juu ya meza, kimya kimya,
kitaa cha simu yangu kinawaka, kinazima,
kinawaka.
Namba siijui.