Gigabaiti Nane

Saa tisa usiku, Rusayl. Nje joto halijalala;
humu ndani nimevaa sweta.
Mashine pepe imekufa tena, mara ya tatu,
ndani ya kontena lake,
haikuacha hata ujumbe.

Iliambiwa ina kumbukumbu ya gigabaiti nane. Ikaamini.
Kontena nalo lilipewa nane hizo hizo,
na aliyegawa hakuhesabu
kwamba mbebaji naye anakula.

Aliyegawa ni mimi.

Shemeji Muhenna, kule Birkat al-Mauz,
akipanga zamu za falaji
huacha dakika za kulowesha mfereji wenyewe.
“Udongo nao hunywa, Zuwena,
kabla ya mtende.”

Nafuta nane. Naandika tisa na nusu.
Naiwasha. Inaamka,
haina habari kuwa ilikufa.