Foleni ya Miwa Kibigori

Baba alikata miwa miaka ishirini na miwili,
mgongo umepinda kama herufi asiyoijua,
na saa nne asubuhi akinywa chai ya mkebe,
sukari vijiko vinane, akivihesabu kwa sauti.
Hakuna kilichomdhuru.

Kisha wakampa kiti.
Karani wa mizani, Randiki Ogutu, kofia na kalamu.
Tani kumi na nane zinapita mbele yake
naye hanyanyui ila kidole.
Chai ni ile ile. Vijiko ni vile vile.
Mwaka wa tatu, kiu. Mwaka wa nne, usiku,
mlango wa choo ukilia mara sita,
mama akihesabu kutoka kitandani.

"Kumi na sita nukta nne," nikamsomea,
mimi bintiye Perez, wa maabara pale Ahero,
tone la damu yake bado bichi kwenye glavu yangu.
Akacheka kidogo. "Hizo ni tani?"

Basi, Baba, nikueleze kwa lugha ya kazi yako.

Unaikumbuka foleni ya mwezi wa saba,
matrekta toka kiwandani hadi njia ya reli,
miwa ikikauka, ikichacha, nyuki wakiifuata,
na ndani ya ukuta matanuri yana njaa,
bomba halitoi moshi?
Huo ndio mwili wako.
Sukari haikukosekana. Imejaa barabarani.
Msuli unakufa njaa kando ya shehena.

Maana sukari haipenyi seli kwa ubishi:
ukuta ni wa mafuta, nayo ni mtoto wa maji.
Inataka lango, na malango ya msuli
hayakai ukutani kungoja wageni.
Mengi yamekunjwa ghalani, kama viti vya harusi
siku isiyo na harusi.
Ukila, kongosho humtuma tarishi, insulini.
Haingii ndani; hubisha tu.
Bisho lake hupokezwa mkono kwa mkono
hadi ghalani, malango yakabebwa,
yakapachikwa, na sukari ikapita.

Kwako tarishi anabisha,
ila mafuta yamerundikwa koridoni,
wapokezi wamechoka, ujumbe unafia njiani.
Kongosho linatuma wa pili, wa tatu, wa kumi.
Nalo, Baba, si kijana.

"Na zamani?" akauliza. "Zamani nilikuwa na tarishi gani?"

Zamani ulikuwa na panga.
Msuli unaojikunja haumngoji mtu.
Akiba yake ikishuka, hupiga kengele yake wenyewe,
kengele ya uani, isiyomjua insulini,
na malango hubebwa vilevile.
Hata panga likishatundikwa,
hadi kesho yake tarishi akibisha husikika upesi.
Ndiyo maana. Si jicho la mtu, wala si chai peke yake.

Akanyamaza. Akaitazama mikono yake,
ilivyolainika.
"Kile kiti," akasema, "nilikiombea kanisani."

Sikuwa na jibu la maabara kwa hilo.

Siku hizi anameza vidonge vyake, asubuhi na jioni,
na baada ya ugali, kabla sahani hazijakauka,
huvaa raba za mjukuu, akachukua tochi,
akafuata reli mpaka stesheni na kurudi.
Jumamosi humsaidia jirani kukata mstari mmoja,
mmoja tu, na kuulalamikia wiki nzima.

Juzi nililikuta daftari lake la mizani,
kurasa za mwisho, mwandiko wa karani, wino wa bluu:

Jumatatu. Kumi na moja nukta tisa. Linangoja.
Alhamisi. Saba nukta nane. Limeingia.
Jumapili. Harusi ya kina Nyakwaka. Soda mbili.
Foleni.