Mtamba Mmoja ni Dakika Ngapi

Mkataba wangu umeandikwa kwa lugha ya heshima:
*mdhibiti wa ndege na wanyama, uwanja wa Dodoma.*
Maana yake nafukuza kunguru.
Nawafukuza ndege ili ndege itue.
Kiswahili kimewapa jina moja,
mbawa zao hazijapatana bado.

Nyemo amerudi na barua mbili.
Ya kwanza ya chuo kikuu, kule kilimani:
jiolojia, miaka minne, mkopo asilimia sitini.
Ya pili ya shule ya urubani:
kidato cha sita kinatosha, fizikia iwemo,
macho mazima, masikio mazima,
na ada isiyo na haya.

Shemeji Mahinyila, karani wizarani,
alikuja na tai yake na vumbi la Area D viatuni.
"Shahada kwanza," akasema, kabla hata ya mbukwa.
"Usiache mbachao kwa msala upitao."
Nyemo akamjibu akiwa anachambua mtama:
"Huu haupiti, mjomba. Huu unapaa."
Mama yake akacheka, mlenda ukafurika jikoni.

Nikasema basi, niwaulize wenyewe.
Kapteni Rwechungura alikuwa anazunguka ndege yake
akiibonyeza tairi kama mnunuzi wa tikiti.
"Sina shahada," akasema. "Nina leseni na saa elfu sita.
Wingu halisomi vyeti, mzee wangu."
Rubani msaidizi alikuwa nyuma yake, kijana, shati limenyooka.
"Mimi ninayo. Ya uchumi.
Tulikuwa mia mbili tukigombea viti vinne.
Leseni sawa, saa karibu sawa.
Wakatafuta cha kutupunguzia."
Kapteni alicheka.
Kijana hakucheka.

Usiku tukapiga hesabu kwa tochi ya simu.
Mtamba mmoja, dakika arobaini angani.
Maksai aliyenona, saa na robo.
Yule mweusi mwenye baka,
aliyepewa jina na marehemu mama yangu,
ni kupaa na kutua mara tatu,
tena upepo ukiwa mpole,
na upepo wa hapa tunaujua.
Jumamosi nitawaswaga hadi mnada wa Msalato,
karibu na pale wanapojenga uwanja mpya.
Ng'ombe watafika kwenye ndege kabla ya Nyemo.

Kuna jambo sikumwambia Mahinyila.
Angeshinda.

Nilikuwa dereva wa lori.
Kondoa, Manyoni, Singida, miaka kumi na tisa,
sikuwahi kuangusha gunia.
Kisha trakoma, ile ya utotoni,
ikarudi kudai jicho la kushoto.
Daktari alikuwa mtu mwema, alinipa chai.
Leseni ikabaki mezani kwake.
Nikatoka na ujuzi wote mikononi
na hapakuwa na usukani wa kuushikia.
Kabatini, karatasi nyingine sikuwa nayo,
hata moja, hata ya ubatizo ilililiwa na mchwa.
Ndiyo maana leo nawajua kunguru mmoja mmoja.

Kwa hiyo shahada hainisumbui kwa ajili ya wingu.
Wingu nalikubali, halisomi.
Nawaza asubuhi ile ya daktari,
chai ikipoa,
binti yangu akiwa na miaka arobaini na saa elfu sita
zisizobadilishwa hata kwa gunia la uwele.

Jana alinifuata uzioni na chakula.
Akaniangalia kwa yale macho mawili.
"Baba, ungekuwa na shahada,
ungepanda lile lori?"

Jibu lilifika hadi kooni.
Lakini ndege ya saa nane ilikuwa imeshashusha magurudumu,
na mbuzi wa jirani, mwenye kengele,
alikuwa amepenya kwenye waya
na kusimama katikati ya njia,
anatafuna kitu cheupe, kama karatasi.
Nikakimbia.
Nyuma yangu nikasikia ndara zake,
naye anakimbia, ananipita.