Utepe wa Fundi

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa Kata ya Sita,
huku vilimani Nepal. Kalamu ilikuwa yangu,
na muhuri, na ufunguo wa kabati.
Nisikilizeni basi kama anavyosikilizwa shahidi
ambaye naye ana kesi.

Sheria mpya ilitaka wanawake wawili kwenye baraza,
mmoja wao awe wa tabaka la chini,
wale ambao wakigusa mtungi wa bibi yangu
bibi alimwaga maji yote.
Chama kikatafuta jina. Jina tu.
Tukashuka usiku hadi nyumba za mafundi cherehani,
tukamkuta Tilmaya Pariyar akipinda sare ya shule.
"Tupe kitambulisho, mengine tutafanya sisi."
Akauliza: "Na mikutano?"
Mwenyekiti akacheka: "Mikutano ina chai."

Chai ilikuwepo kweli.
Yetu katika vikombe vya kaure vyenye maua,
yake katika kikombe cha bati, pale dirishani,
ambacho alikisuuza mwenyewe bombani.
Miezi kumi na minne alikisuuza.
Nami niliandika: wajumbe wote walihudhuria, wote waliafiki.
Mara nyingine niliandika kabla hawajafika,
kisha nikampelekea daftari nyumbani
naye akaweka jina lake, herufi baada ya herufi,
kama anayetunga uzi gizani.

Sikujua kwamba alikuwa anasoma.
Si maneno; shule aliiacha darasa la tatu.
Alisoma tarakimu.
Fundi hasahau kiuno cha mtu.

Bomba la chemchemi hadi nyumba za chini:
mita elfu moja mia mbili, imeandikwa, imelipwa.
Maji hayakufika kwa mafundi. Tulisema: mlima.
Ulezi ulipokwisha kuvunwa
akatoka alfajiri na utepe wake wa njano,
sentimita mia na hamsini,
umefifia kwenye tisini, vinapokomea vifua vingi,
akalipima bomba.
Akiinama, akibana kwa kidole gumba, akisogea, akiinama,
bintiye Susmita akitia chaki mawe.
Vijana wa dukani wakapiga miluzi:
"Fundi! Mlima unaushonea suruali?"
Siku mbili. Aliinama mara mia tano na sita.

Mkutano uliofuata hakukaa dirishani.
Alivuta kiti mezani, kile chenye mguu mfupi,
akakunja kitambaa, akakiweka chini ya mguu, akakaa.
"Katibu, soma ukurasa wa arobaini na moja."
Nilimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama simu.
"Kwa sauti."
Nikasoma. Sauti ni yangu, ningeikana vipi?
Nilipofika kwenye elfu moja mia mbili
aliweka utepe mezani, umeviringwa
mdogo kuliko kikombe.
"Mia saba hamsini na tisa," akasema.
"Kitambaa kilichobaki kakivaa nani?"

Mwenyekiti aliita hilo kosa la kalamu.
Kalamu ilikuwa yangu; nimeshasema.

Msidhani mambo yaliishia hapo.
Nyumba za juu ziliacha kumpelekea nguo,
msimu wa harusi ukapita cherehani imefunikwa.
Mumewe aliitwa mara tatu kuambiwa amtulize.
Mara ya tatu aliwajibu: "Mwiteni mwenyewe, mjumbe ni yeye,"
akarudi kwa miguu, kwa kuwa hakuna aliyempakia.

Uchaguzi uliofuata hakuomba kiti kilichotengwa.
Aliomba cha mwenyekiti.
Alishinda kwa kura kumi na tisa,
na mojawapo, sitawaambia ya nani.

Siku ya kwanza niliweka mbele yake kikombe cha kaure.
Mkono wangu ulitetemeka kidogo; ni mzee, na nina bibi.
Alikunywa, akasaini, akatoka kwenda kuona daraja,
akakiacha kikombe hapo mezani.

Nikakipeleka bombani nikakisuuza.
Ilichukua muda. Maji yalitoka membamba siku hizo,
maana na nyumba za chini nazo zilikuwa zinachota.