Nilipopewa Igizo

Mwalimu mkuu alinichagua kwa sababu moja:
msibani kwa Mzee Lugembe, kule Igombe,
alinisikia nikiitikia kwa sauti ya pili.
"Kumbe muziki unaujua," akasema, akanikabidhi
ufunguo wa bwalo, chaki nne
na watoto arobaini na mmoja.

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Nilichora jukwaa ubaoni, mstatili,
nikapima hatua za kila mtoto kwa rula.
Igizo nililitunga mwenyewe, tochi ya simu mdomoni:
dagaa anakataa kuanikwa,
anatoroka mchangani, anapanda mawe,
na wenzake wote wanaimba kumsihi arudi.

Wiki ya kwanza hawakuimba. Walipiga kelele kwa zamu.
Shigela, sangara wetu, aliwahi kila mstari
kabla ya ngoma, kama mtu wa foleni ya maji.
Limi, dagaa mwenyewe, alikuwa na sauti
ya kufungua mlango uliokwama,
ila aliimba akitazama vidole vya miguu yake.
Kulwa alitaka kuwa Doto, Doto alitaka kuwa korongo,
na makorongo yenyewe yalitutazama kutoka juu ya bati,
yana upara, mabawa nyuma,
kama wakaguzi kutoka wilayani.

Nikafoka. Nikafoka hadi koo likakauka,
darasa la sita nikawafundisha kipeo cha pili kwa ishara.
Mama Nyamizi wa jikoni akaniletea tangawizi.
"Mwalimu," akasema, "uji ukiugombeza hauivi."

Magamba tulishona kwa mifuko ya sandarusi,
tukayapaka rangi ya fedha iliyobaki kwenye geti.
Ikabanduka. Wiki nzima
nilisahihisha madaftari yanayometameta.

Kisha siku yenyewe. Wazazi kwenye madawati ya watoto,
magoti yamefika kidevuni. Umeme upo.
Nikashukuru; sikujua nashukuru nini.
Tulipowasha zile taa mbili za kuazima,
ziwa likatuona.
Wakaja wale wadudu wadogo
ambao mchana husimama juu ya maji
kama moshi wa moto usio na mwenyewe.
Wakapita madirishani, wakajaa kwenye taa,
kwenye kinanda, kwenye kilemba cha mke wa diwani,
kwenye koo la Shigela
katikati ya neno "njaa".

Akakohoa. Waitikiaji wakakohoa.
Nami nyuma ya pazia na karatasi zangu,
kila hatua imepigiwa mstari kwa wino mwekundu,
na hakuna mahali nilipoandika: hapa, wadudu.

"Zima taa," Limi akasema,
kama mtu wa Kayenze anavyomwambia mgeni
avue viatu kabla ya kupanda mtumbwi.
Nikazima.

Giza. Dawati likalia. Mtoto wa mtu akalia.
Halafu ile sauti,
haina vidole vya kutazama sasa,
ikaanza taratibu, na wenzake wakaipokea
kila mmoja alipokuwa: wengine jukwaani,
wengine wamepotelea kati ya wazazi,
Doto dirishani. Ubeti wa tatu waliuruka wote.
Hakuna aliyeuulizia.

Alipofika pale anapoapa kutorudi mchangani,
mama mmoja kutoka nyuma, nadhani mwanika dagaa,
akamjibu: "We rudi bwana, mvua inakuja,
na nimekulipia!"
Bwalo likavunjika kwa kicheko.
Limi akangoja. Akakiacha kicheko kitue
hadi kwa yule babu anayechelewa kuelewa,
ndipo akaendelea.
Kungoja kule sikumfundisha.

Mimi nilikuwa na kidole kwenye swichi.
Usiku ule wote, hiyo ndiyo kazi niliyofanya:
kutowasha.

Asubuhi nikafagia. Wadudu ndoo mbili,
kuku wa Mama Nyamizi wakafanya sikukuu,
wakatoka na midomo ya rangi ya fedha.
Kipindi cha kwanza, Limi ubaoni,
akakosea kugawanya sehemu kama kawaida yake.
Nikainua mkono nifute.
Nikaushusha. Nikangoja.